Nyumba Huhama, Kiwanja Hubaki: Phillips na Jirani Zake

Tarehe 28 Mei 1896, watoto wa shule wapatao 10,000 wa jiji la Minneapolis walishika kamba na kuivuta nyumba. Walivuta kwa zamu, kundi moja likipokea kamba kutoka kwa jingine, na nyumba ikapita mitaani ikiwa juu ya magurudumu hadi bustani ya Minnehaha iliyo kilomita kadhaa kusini. Ilikuwa nyumba ndogo ya mbao, ya rangi nyeupe, iliyojengwa kati ya mwaka 1849 na 1850 na John H. Stevens, na huhesabiwa kuwa nyumba ya kwanza ya walowezi kujengwa kwa idhini upande wa magharibi wa mto Mississippi. Humo ndimo ilimoanzishwa serikali ya wilaya ya Hennepin mwaka 1852. Stevens mwenyewe alikuwa hai siku nyumba yake ilipopita. Alifariki mwaka 1900.

Tukio hili husimuliwa katika jiji hilo kama kisa cha furaha, na bila shaka watoto walifurahi. Lakini kwa msomaji aliyelelewa na Kiswahili kuna jambo linalomkwaza tangu sentensi ya kwanza. Kwetu mtu huhama nyumba, nyumba haihami. Kitenzi *kuhama* kinamtaka mwenye miguu. Anayehama huacha kuta na kubeba mkeka, sufuria na watoto. Minneapolis ya mwaka 1896 ilifanya kinyume chake: watu walibaki, nyumba ikaondoka. Makala haya yanauliza swali moja kuhusu desturi hiyo ya kuhamisha na kukarabati nyumba kongwe: nyumba inapookolewa, ni kitu gani hasa kinachookolewa, na ni kwa ajili ya nani? Swali hili si la kitaaluma tu. Katika mitaa ya Phillips, kusini mwa katikati ya jiji hilo, wako maelfu ya watu waliotoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika wanaoishi leo katika nyumba za mbao zenye umri wa zaidi ya miaka 100. Majibu yatakayotolewa kuhusu nyumba hizo yatawagusa.

Tuanze na ufundi, kwa kuwa bila ufundi desturi isingekuwapo. Tangu miaka ya 1830, hasa katika mji wa Chicago na viunga vyake, mafundi wa Marekani walianza kujenga kwa kiunzi chepesi cha mbao nyembamba zilizopasuliwa kwa msumeno na kuunganishwa kwa misumari, badala ya magogo mazito yaliyochongwa na kufumwa kwa mikono. Minneapolis ilikuwa na maporomoko ya Mtakatifu Antoni, na maporomoko hayo yaliendesha viwanda vya kupasua mbao. Mbao zikawa rahisi, na nyumba zikaota kama uyoga. Nyumba ya namna hiyo ni kasha. Imekaa juu ya msingi wa mawe au matofali lakini haikuota mizizi humo. Fundi huvunja dohani, huingiza boriti ndefu chini ya sakafu, huinua polepole kwa jeki pande zote kwa kipimo kimoja ili kuta zisipasuke, kisha huteremsha mzigo juu ya magogo ya kuviringisha au magurudumu. Zamani farasi walivuta. Leo ni malori. Kinachoachwa nyuma ni msingi, chumba cha chini ya ardhi, dohani, na miti iliyopandwa na wenyeji wa awali.

Ufundi huo ulikua hadi ukavuka mipaka ya mbao. Mwezi Februari 1999, jiji hilohilo la Minneapolis lilihamisha jumba la maonyesho la Shubert, jengo la matofali lenye uzito wa zaidi ya tani 2,600, kutoka mtaa mmoja hadi mwingine wa jirani, juu ya magurudumu ya mpira. Kabla ya hapo, mwaka 1909, nyumba ya Ard Godfrey, iliyojengwa upande wa mashariki wa mto karibu wakati uleule na ya Stevens, ilipelekwa kwenye bustani ya Chute Square, ambako iko hadi leo. Kwa hiyo nyumba mbili zinazoheshimiwa kuwa chimbuko la jiji zima hazipo mahali zilipojengwa. Mgeni anayetaka kuona jiji lilianzia wapi huonyeshwa kuta, lakini hasimami pale kuta hizo ziliposimama.

Linganisha na pwani yetu. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake nene kama dhiraa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, msana mmoja nyuma ya mwingine hadi kufikia ndani. Nyumba hiyo haiwezi kuinuliwa. Ukuta wake umeshikana na ukuta wa jirani, na mara nyingine chumba kimepita juu ya kichochoro kikaegemea nyumba ya pili. Kinachoweza kuhama ni mlango. Milango ya nakshi imeng'olewa na kuuzwa, ikafika katika majumba ya makumbusho, hoteli na nyumba za matajiri mbali na pwani. Yasemwa kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Biashara hiyo ilijitosheleza na mlango, ikaiacha nyumba.

Lakini tusidhani kwamba wazo la nyumba kutengana na ardhi ni la kigeni kwetu. Lipo, na limekuwa chanzo cha ugomvi mkali. Mombasa, katika mitaa kama Majengo, kuna utaratibu wa muda mrefu unaojulikana kama nyumba bila ardhi: mtu humiliki kuta, paa na milango, lakini kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja hicho. Zanzibar nako, wakazi wa Ng'ambo walikuwa na nyumba zao za miti na udongo juu ya ardhi iliyodaiwa na wenye mali wachache. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Hoja yao haikuwa kwamba nyumba si zao, hilo halikubishaniwa. Hoja ilikuwa kwamba mwenye nyumba asiye na kiwanja yuko katika hatari ya kuambiwa, wakati wowote, aichukue nyumba yake aondoke nayo. Kwa mtu wa Ng'ambo, nyumba inayoweza kuhamishwa haikuwa maajabu ya ufundi. Ilikuwa tishio.

Tukirudi Minneapolis na swali la kiwanja, kisa cha watoto na kamba kinabadilika sura. Stevens alijenga juu ya ardhi ambayo jeshi la Marekani lilikuwa limeitenga kwa ajili ya ngome ya Fort Snelling, naye alipewa idhini kwa sharti la kuendesha kivuko cha mto. Ilikuwa bado nchi ya Wadakota. Mikataba iliyowaondolea Wadakota sehemu kubwa ya ardhi ya kusini mwa Minnesota ilitiwa saini mwaka 1851, yaani baada ya nyumba kukamilika. Vita vikafuata mwaka 1862, na mwaka uliofuata Wadakota wengi wakafukuzwa kutoka jimbo lote. Jina la jiji lenyewe, lililopendekezwa mwaka 1852, limeunganisha neno la Kidakota la maji na neno la Kigiriki la mji. Neno lilibakizwa, wenye neno wakahamishwa. Nyumba ya Stevens ilipofikishwa Minnehaha, mahali penye maporomoko ambayo Wadakota walikuwa wameyapa jina kabla ya mlowezi yeyote kufika, ilikuwa imepelekwa kutoka kiwanja kimoja chenye mgogoro hadi kingine. Kuhamisha nyumba hakukufuta swali la ardhi. Kulilisahaulisha kwa kitambo.

Sasa tuitazame Phillips yenyewe. Ni eneo lililobanwa na barabara kubwa: upande wa magharibi barabara kuu ya 35W, kaskazini ile ya 94, mashariki barabara ya Hiawatha, na kusini mtaa wa Lake Street. Jina lake limetokana na shule iliyopewa jina la Wendell Phillips, msemaji wa Boston aliyepinga utumwa kwa maisha yake yote. Mwishoni mwa karne ya 19, wahamiaji kutoka Uswidi, Norwe na Denmaki walijaa humo, wakifanya kazi katika viwanda vya unga, karakana za reli na majumba ya matajiri. Matajiri hao walijenga kando ya barabara ya Park Avenue. Jumba mashuhuri kati ya yale yaliyosalia ni la Swan Turnblad, aliyeletwa Minnesota kutoka Uswidi akiwa mtoto na kutajirika kwa kuchapisha gazeti la Kiswidi, Svenska Amerikanska Posten. Jumba lake la mawe ya chokaa, lenye vyumba 33 na meko 11 ya vigae, lilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1908. Mwaka 1929 alilitoa liwe makao ya taasisi ya utamaduni wa Waswidi wa Marekani, na taasisi hiyo iko humo mpaka sasa.

Jumba la Turnblad halikuhamishwa, na lisingehitaji kuhamishwa, kwa sababu mwenyewe alilipa kitu ambacho nyumba ya mfanyakazi haikupata: taasisi yenye jina, fedha na kumbukumbu zilizoandikwa. Hapa kuna kanuni isiyoandikwa ya urithi wa majengo, na inafaa kwa Minneapolis kama inavyofaa kwa Zanzibar. Jengo husalimika likiwa na mtu wa kulisemea. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ng'ambo, ambako ndiko walikoishi wengi wa watu wa mji ule, ilibaki nje ya mstari, na sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha vunjwa kupisha majengo marefu ya Michenzani. Phillips ilikuwa na Park Avenue yake na Ng'ambo yake ndani ya eneo moja.

Kwa karne nzima, Phillips imekuwa mahali ambako neno *kuhamisha* hutumika kwa watu kuliko kwa nyumba. Kwenye makutano ya Lake Street na Cedar Avenue yako makaburi ya kale ya Minneapolis, ambako maziko ya kwanza yalifanyika mwaka 1853. Humo wamezikwa wahamiaji maskini, watoto wengi mno, askari, na Wamarekani Weusi pamoja na wapinga utumwa, bila kutengwa kwa rangi. Makaburi hayo yalifungwa mwaka 1919, na maelfu ya miili ikafukuliwa na kuzikwa kwingine na jamaa waliokuwa na uwezo. Wasio na jamaa wenye uwezo walibaki, na ndio walioyaokoa makaburi: wingi wao ulifanya isiwezekane kuuza ardhi ile. Huenda ni mfano wa pekee katika mtaa huo wa maskini kushinda kwa kutohama.

Baadaye ikaja sera ya serikali kuu ya miaka ya 1950, iliyotiwa nguvu na sheria ya mwaka 1956, ya kuwahimiza wenyeji wa asili wa Marekani waache maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao na kuingia mijini. Waliofika Minneapolis wengi walikaa Phillips, hasa karibu na Franklin Avenue. Mwaka 1968 chama cha kutetea haki zao, American Indian Movement, kilianzishwa jijini humo, na mwaka 1973 makazi ya Little Earth yakafunguliwa mashariki mwa Phillips. Kwa hiyo jukuu wa watu waliofukuzwa nchini mwao alirudishwa humohumo akiwa mpangaji, katika nyumba iliyojengwa na Mswidi. Katika miaka ya 1960, ujenzi wa barabara kuu ulibomoa safu kwa safu za nyumba magharibi mwa eneo, na kando ya Hiawatha pia nyumba ziliondolewa kwa ajili ya barabara ambayo wananchi walikuja kuipinga. Mahali pengi Marekani, nyumba zilizokutwa na njia ya barabara kuu ziliuzwa kwa bei ya chini kwa yeyote aliye tayari kuzibeba. Kwa watu wa tabaka la wapangaji toleo hilo halikuwa na maana, kwani nyumba ya kuhamishwa humtaka mtu mwenye kiwanja cha kuipeleka.

Kisa ambacho kila anayejadili ukarabati katika sehemu hizo hukifikia hatimaye ni cha Milwaukee Avenue, ng'ambo ya Hiawatha, katika mtaa wa jirani wa Seward. Ni kijia kifupi kati ya Franklin Avenue na mtaa wa 24. Mfanyabiashara wa viwanja William Ragan aliligawa eneo hilo katika vipande vidogo kupita kiasi, na kuanzia mwaka 1884 akajenga humo nyumba zilizobanana, kiunzi cha mbao kilichovikwa matofali, kila moja na kibaraza chake mbele. Wapangaji na wanunuzi walikuwa wafanyakazi, wengi wao Waskandinavia, wa karakana za reli na viwanda vya karibu. Ragan hakuwa akijenga kwa ajili ya historia. Alikuwa akipata kodi nyingi iwezekanavyo kutoka katika ardhi ndogo iwezekanavyo.

Kufikia mwaka 1970 nyumba hizo zilikuwa zimechoka, nyingine hazikuwa na mabomba ya kutosha, na mamlaka ya jiji ya nyumba na uendelezaji ilikusudia kuzivunja pamoja na sehemu kubwa ya mtaa. Wakazi waliunda kamati. Wengi wao walikuwa vijana, wakiwamo wasanifu majengo kama Bob Roscoe, ambaye miaka mingi baadaye aliandika kitabu juu ya mapambano hayo. Walijifunza lugha ya mamlaka, wakachunguza hati, na wakagundua njia: kuitafutia Milwaukee Avenue nafasi katika Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria. Ikaingizwa mwaka 1974. Kuanzia hapo mradi wa kuvunja ulikosa nguvu, na kazi ya kukarabati ikaanza. Barabara ilifungwa kwa magari ikawa njia ya waendao kwa miguu. Misingi mibovu ilijengwa upya, vibaraza vikarudishwa, na pale nyumba ilipokuwa imeharibika mno, ilijengwa nyingine kwa kufuata sura ya jirani zake.

Kisa hiki kina thamani kwa sababu kiligeuza kipimo. Kabla yake, urithi ulimaanisha jumba la tajiri au kibanda cha mwanzilishi. Milwaukee Avenue ilisema kwamba nyumba ya mtu aliyefunga mabehewa nayo ni historia, na kwamba haihitaji kubebwa hadi bustanini ili iheshimiwe. Ilikarabatiwa papo hapo, pamoja na udogo wa viwanja vyake na ukaribu wa kuta zake, kwa sababu udogo na ukaribu huo ndio uliokuwa habari yenyewe. Ukiichukua moja ya nyumba hizo ukaiweka peke yake katikati ya nyasi, utabaki na nyumba nzuri ya matofali isiyosema lolote kuhusu ubahili wa Ragan wala ujirani wa wapangaji wake.

Hilo ndilo lililo nyuma ya msimamo wa Rejista ya Taifa yenyewe. Kwa kawaida jengo lililohamishwa kutoka mahali pake pa asili halistahili kuingizwa, isipokuwa kwa sharti maalumu, kama vile thamani kubwa ya usanifu au kuwa ndilo jengo kuu lililosalia la mtu au tukio fulani. Kanuni hiyo inakiri, kwa lugha kavu ya kisheria, kile ambacho watu wa Ng'ambo walikijua: mahali ni sehemu ya nyumba.

Hata hivyo kisa cha Milwaukee Avenue kina upande wa pili, na si haki kuunyamazia. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mishahara midogo leo zinatamaniwa na wenye vipato vizuri. Hakuna aliyekusudia hivyo. Lakini ukarabati ulipofanikiwa, mafanikio yenyewe yalipandisha thamani, na thamani ilichagua wakazi. Lamu imepita njia hiyohiyo. Tangu utafiti wa Usam Ghaidan katika miaka ya 1970 na mipango ya uhifadhi iliyofuata, ufundi wa chokaa na nakshi ulifufuka na mafundi wakapata kazi. UNESCO ikauorodhesha mji mwaka 2001. Wakati huohuo nyumba nyingi kongwe za Lamu na Shela zilinunuliwa na wageni kwa bei ambayo mtoto wa mji hawezi kuifikia. Kuta ziko imara kuliko zilivyokuwa miaka 50 iliyopita, na zidaka zinang'aa. Swali ni nani hulala ndani.

Na kuacha kabisa kukarabati si jibu. Mji Mkongwe ulionyesha hilo kwa uchungu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikagawanywa chumba kwa chumba kwa familia zilizohitaji makazi, lakini bila fedha za matunzo. Maji ya mvua yaliingia kupitia paa, yakafika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, na boriti ikishaoza ukuta hauna wa kumshika. Mamlaka ya uhifadhi ilianzishwa mwaka 1985, lakini hata jengo lenye jina kuliko yote, Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine hata nafasi ya kujenga ukuta haipatikani. Nyumba ya Stevens nayo, iliyobembelezwa na watoto 10,000 na kukarabatiwa tena katika miaka ya 1980, iliungua kwa moto mwaka 2022. Jengo lililotengwa kwa heshima bustanini, ambamo hakuna anayepika wala kulala, halina jirani wa kusikia harufu ya moshi usiku.

Hapa ndipo Phillips ya leo inapoingia katika hoja. Tangu miaka ya 1990, Wasomali, Waoromo na watu wengine wa Afrika Mashariki wameingia katika nyumba zilezile za kiunzi cha mbao. Jengo kubwa la kampuni ya Sears kwenye Lake Street, lililojengwa mwaka 1928 na kufungwa mwaka 1994, lilifunguliwa upya mwaka 2006 likiwa na soko la ndani ambamo wahamiaji wa mabara mbalimbali wana vibanda vyao. Huo ulikuwa ukarabati uliobadili kazi ya jengo bila kulihamisha wala kulifanya sanamu. Nyumba za kawaida hazijapata uangalizi wa namna hiyo. Tena zina hatari zake. Rangi yenye madini ya risasi haikupigwa marufuku kwa nyumba za Marekani hadi mwaka 1978, na katika nyumba ya mwaka 1890 tabaka za rangi hiyo zipo chini ya kila tabaka jipya. Fundi anayekwangua dirisha bila tahadhari huwatia sumu watoto wa nyumba. Ardhi nayo ilichafuliwa na aseniki iliyopeperushwa kutoka kiwanda cha zamani cha viuatilifu karibu na Hiawatha, na udongo wa viwanja vingi ulilazimika kuondolewa. Kiwanja, ambacho wahamishaji nyumba hukiacha nyuma, kilikuwa na kumbukumbu yake ndani ya udongo.

Ukarabati huchagua wakati. Fundi anayerudisha nyumba kwenye sura ya mwaka 1890 huondoa kilichoongezwa baadaye: kibaraza kilichozibwa ili kupata chumba cha kulala cha watoto, mlango wa pili uliotobolewa ili ghorofa ya juu iwe na mpangaji wake, jiko lililosogezwa. Nyongeza hizo huitwa uharibifu. Lakini ndizo hati za maskini. Miongozo ya uhifadhi ya serikali ya Marekani yenyewe inakubali kwamba mabadiliko yaliyopata thamani yake ya kihistoria yastahili kutunzwa. Tatizo ni muda: kwa kawaida kitu huhesabiwa kuwa cha kihistoria kikitimiza miaka 50. Familia iliyoingia Phillips mwaka 1993 itasubiri hadi mwaka 2043 ili pazia lililogawanya sebule kuwa sehemu ya wageni na sehemu ya wenyeji, au sinia iliyochakaza zulia kwa kuwekwa mahali pamoja kila Ijumaa, lianze kufikiriwa kuwa ni ushahidi. Hadi wakati huo nyumba inaweza kuwa imekarabatiwa mara mbili, kila mara kwa ajili ya Mswidi aliyekwisha ondoka.

Pendekezo linalotokana na haya yote si gumu. Kuhamisha nyumba kubaki kuwa njia ya mwisho, pale ambapo mbadala wake ni nyundo. Ikihamishwa, kiwanja ilichokitoka kiandikwe pamoja nayo, na wote waliokikalia kabla yake, kama vile hati ya Ng'ambo ingemtaja mwenye nyumba na mwenye ardhi kwa pamoja. Ikikarabatiwa, bei ya kuishi ndani yake iwe sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza, kama msingi na paa. Na wakati miaka 50 haijatimia, kazi ya kuandika isingoje rejista yoyote. Wazee waliokuja na watoto wadogo katika miaka ya 1990 wangali hai. Wanajua ni chumba kipi walilala watu tisa, ni dirisha lipi lilifungwa kwa nailoni majira ya baridi, na ni jirani yupi mwenyeji wa Franklin Avenue aliyewaonyesha jinsi ya kuwasha tanuri la chini ya nyumba. Wanayasema hayo kwa Kisomali, Kioromo, Chimwiini na Kiswahili, lugha ambazo hati za majengo za jiji hilo zimezirekodi kwa nadra.

Watoto wa mwaka 1896 walifundishwa historia kwa kuivuta. Walijua uzito wa nyumba ya Stevens mikononi mwao, lakini hakuna aliyewaambia nyumba ile ilisimama juu ya ardhi ya nani. Watoto wanaosoma leo katika shule za Phillips wengi wana wazazi waliowahi kuacha nyumba isiyohamishika, ya mawe, ya udongo au ya makuti, na kuifunga mlango bila kujua kama wangerudi. Ni wao watakaoamua, katika mikutano ya mtaa na katika mabaraza ya jiji, ni ipi kati ya nyumba za mbao ibaki, ipi iondoke na ipi ivunjwe. Wana sifa ya kuamua ambayo vizazi vilivyotangulia havikuwa nayo: wanajua kwamba mwenye nyumba na nyumba yake vinaweza kutenganishwa, na wanajua gharama yake ni nini.